Kifundo cha Mguu Hakina Nyama

Shika kifundo chako cha mguu saa hii, bonyeza. Unaskia mfupa tu, sindio? Hapo hakuna nyama, ni ngozi nyembamba imelala juu ya mfupa. Weka hiyo kwa akili.

Binamu yangu alikuwa abiria wa nduthi, amevaa slipas. Matatu ikawabana, mguu ukabaki katikati ya pikipiki na bampa. Mfupa ulitoka nje. Wodini nilikompelekea chakula, vitanda vingi vilikuwa na stori ya nduthi. Wengine ni wasee wa mjengo: mtu anaanguka kutoka juu, anatua na visigino, mfupa wa kisigino unapondeka. Huyo daktari humpima mpaka uti wa mgongo, maana ule mgongano hupanda juu.

Usiku wa kwanza alipelekwa thieta. Wakaosha kidonda, wakatoa nyama iliyokufa, wakatoboa mfupa na kufunga vyuma nje ya mguu, kama zile mbao za kushikilia nyumba ikijengwa. Halafu, manze, kimya. Siku tisa anapewa dawa, anageuzwa, mguu umeinuliwa juu ya mto.

Mathe yake akaanza kusema hawa wanangoja kitu kidogo. Mjomba naye akasema tumtoe, kuna mzee huko ushago anaunga mifupa. Walikuwa karibu wasaini atoke, sista mmoja akawaeleza: "Mama, tunangoja ngozi ikunjamane."

Yaani mguu ukifura, ngozi inavutika kama baluni. Ukipasua hapo, hakuna nyama ya kusaidia, kidonda kinakataa kufunga na vyuma vinabaki wazi. Kwa hivyo daktari anangoja hadi aone mikunjo midogo imerudi. Inaweza kuchukua wiki moja, mbili. Kumbe kungoja ndiyo matibabu! Sijui kwa nini hakuna aliyetwambia hivyo siku ya kwanza. Familia ikiachwa gizani, inajitafutia majibu yake.

Na yule mzee wa mifupa, simdharau, lakini mfupa uliotoka nje si kazi yake. Uchafu wa lami ushaingia ndani. Ukifunga fito na kukaza juu ya mguu uliofura, damu haifiki kwa vidole. Huko mwisho wake ni mguu kukatwa.

Siku ya kumi mikunjo ikaonekana. Vya nje vikatolewa, akawekewa bamba na skrubu ndani, na ngozi ya paja ikatumiwa kuziba pale palipokosa.

Sasa ni miezi saba. Anatembea, lakini ngazi anazishuka upande upande, na kwao ni orofa ya nne. Daktari amemwambia hicho kiungo kinaweza kuanza kuuma mapema kuliko cha wenzake. Ana miaka 22.