Ng'ombe Watatu na Mashine Tatu

Baba yangu mdogo anaishi Chunya, mkoani Mbeya. Tangu utotoni amesikia habari za mali za Mjerumani, yaani utajiri ambao watu husema ulifukiwa ardhini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Likizo moja ya Juni alinipigia simu. "Mwalimu, njoo. Nauza ng'ombe watatu ninunue mashine ya kutafutia metali. Wewe umesoma, nichagulie."

Nilikuta mashine tatu uani, kila moja imeletwa na muuzaji wake. Mbili zilikuwa na koili ya duara mwishoni mwa fimbo. Zote mbili hutumia kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831: sumaku inayobadilikabadilika huzalisha umeme kwenye metali iliyo karibu. Ya kwanza hutuma mawimbi mfululizo, hivyo huweza kukisia aina ya metali, lakini husumbuliwa na udongo wenye chuma kingi. Ya pili hutuma mapigo mafupi, kisha husikiliza jinsi umeme ulioachwa kwenye metali unavyofifia. Hii huvumilia udongo wa namna hiyo, ila haitofautishi vizuri dhahabu na msumari.

Ya tatu haikuwa na koili, bali mpini na antena mbili. Muuzaji alidai kuwa huona dhahabu umbali wa mita 100. Ilikuwa ghali kuliko zote, na ndiyo aliyoipenda Baba Mdogo.

Sikubishana naye. Nilimwomba Mama Mdogo pete yake ya ndoa, nikawaomba wote waingie ndani. Nilichimba vishimo sita vya sentimita 15. Kimoja nilifukia pete, cha pili msumari, cha tatu kizibo cha soda. Vitatu nilivifukia vitupu. Kisha nikawaita.

Mashine ya kwanza ililia kwenye vishimo vyote vitatu vyenye metali na kuonyesha kuwa msumari ni chuma, lakini ililia pia kwenye kimoja kitupu kwa sababu ya udongo mwekundu. Ya pili ililia kwenye vile vitatu tu, ingawa kwa sauti ileile kwa pete na kwa msumari. Antena za mashine ya tatu zilielekea kishimo kitupu. Tuliporudia, zikaelekea kitupu kingine. Muuzaji akasema jua limekuwa kali.

Baba Mdogo alimtazama kwa muda. "Pete ya mke wangu iko hapa miguuni pako, hujaiona. Ya Mjerumani utaionaje?"

Hakuuza ng'ombe hata mmoja. Alikodi mashine ya pili kwa siku moja, akapata kipande cha jembe na misumari minne, tukacheka sana. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Jaribio la nusu saa lilimzuia mjukuu huyo asizaliwe.

Mwanafunzi mpendwa, ukitaka kulinganisha vitu, usianze na bei wala maneno ya muuzaji. Anza na jambo ambalo jibu lake unalijua mwenyewe, na usisahau vishimo vitupu, kwani hivyo ndivyo vilivyomuumbua mwongo.