Sanamu za He-Man

Aghalabu hadithi hutangulia, sanamu zikafuata. Kwa He-Man mambo yalikuwa kinyume. Kampuni ya Mattel ya Marekani ilitoa sanamu zake mwaka 1982. Katuni za televisheni zilizomsimulia zilianza mwaka 1983. Kwa hiyo wako wasemao kuwa hadithi ile ilikuwa mnada wa bidhaa tu. Neno hili lina ukweli, lakini si ukweli wote.

Mwaka 2020 Mattel ilianza kutoa sanamu mpya ziitwazo Origins. Kimo ni kile kile cha kale, inchi 5 na nusu, na umbo halikuachana sana na lile la kwanza. Tofauti i katika viungo. Sanamu ya kale iligeuza shingo, mabega na nyonga, na kiuno chake chenye kamani kilirusha ngumi kikizungushwa na kuachwa. Mpya ina viungo 16: hukunja kiwiko, hupiga goti, na kichwa chake huweza kuvuliwa kikavishwa sanamu nyingine. Kwa ustadi, mpya imeishinda ya kale.

Lakini wanunuzi wake si watoto peke yao. Wamo watu wazima wanaoziweka katika makasha yasiyofunguliwa, ili thamani isipungue. Kiungo kisichokunjwa kina faida gani? Upanga wa He-Man wa mwaka 1982 ulikuwa nusu. Nusu ya pili ilikuwa mkononi mwa adui yake, Skeletor, na mkono wa mtoto ndio uliozikutanisha. Kasha lililofungwa haliwezi kazi hiyo. Mwenye kuihifadhi sanamu ana mali. Mwenye kuichezea ana hadithi.