Mbona hawakuandika ugali?

Hapa Minnesota, ukienda kuchukua mbwa kwenye makao ya wanyama, hurudi nyumbani na mnyama peke yake. Unapewa cheti cha chanjo, mkanda wa shingoni na karatasi ya vyakula asivyotakiwa hata kuvionja: chokoleti, zabibu, vitunguu, makadamia, bigijii zisizo na sukari. Watu huibandika kwenye mlango wa friji. Nilipoiona kwa jirani mara ya kwanza nilidhani mtoto wake ana mzio.

Kwa mtu aliyekulia Moshi, ambako mbwa ni mlinzi na hula kilichobaki, karatasi hiyo inachekesha kidogo. Lakini si deko la watu walioshiba. Chokoleti ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno: baada ya saa 17 hivi, nusu yake bado imo mwilini, moyo unakimbia na mnyama anatetemeka. Zailitoli, ile sukari ya bandia ya kwenye bigijii na baadhi ya siagi za karanga, ni mbaya zaidi. Kwa mbwa inafyatua insulini, sukari ya damu inaporomoka, na kwa mbwa wa kilo 10 gramu 1 tu yaweza kumwangusha. Ndiyo maana wenzetu wana hata namba za kupiga usiku wa manane. Kituo cha sumu za wanyama cha ASPCA, shirika la kutetea wanyama, kule Illinois, kina madaktari wanaopokea simu saa 24, ingawa ushauri wao unaweza kukugharimu.

Karatasi yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi ulianza ilipovuka bahari. Mtu aliitafsiri, ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, ikafika kwenye la ukoo wetu. Mama akanipigia. "Mwanangu, huyu mbwa wetu Popi atayapata wapi makadamia? Na mbona hawakuandika ugali?"

Kuhusu makadamia, angekuwa anaishi Embu au Murang'a, ambako wakulima wanayavuna kwa magunia, ningembishia. Kuhusu ugali sikuwa na la kubisha.

Angalia kinachoingia kwenye sufuria la mbwa kwetu. Mahindi yakichambuliwa, mazuri yanakwenda mashine. Yaliyoota ukungu yanawekwa kando "ya mbwa na kuku". Mazuri nayo yakikobolewa tupate sembe, pumba zinafuata njia hiyohiyo. Sasa, sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini cha punje. Kwa hiyo tunapokoboa, sehemu kubwa ya sumu inaondoka na pumba. Sisi tunakula sembe nyeupe, mlinzi wetu anasongewa zile pumba na vichwa vya dagaa. Na moto haumsaidii, kwa sababu sumukuvu haiishi kwa kupikwa.

Tunajua inavyoua watu. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo ya jirani nchini Kenya, waliugua watu 317 na 125 wakafariki kwa kula mahindi. Mwaka 2016 msiba kama huo ukatokea Dodoma na Manyara. Mbwa ni mwepesi sana kudhurika kwa sumu hiyo, tena hana siku ya wali wala ndizi ya kumpumzisha. Anakula sufuria lilelile kila jioni. Anaanza kukataa chakula, anatapika, fizi na weupe wa macho vinageuka manjano, anakufa. Mtaani tunasema wezi wamemtilia sumu. Mara nyingine ni kweli. Ila sijawahi kusikia mtu akienda kuchungulia gunia.

Huku nako sumu hiyo inajulikana. Chakula cha mbwa kinachouzwa dukani hakiruhusiwi kuzidi sehemu 20 za sumukuvu kwa bilioni. Hata hivyo, kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021, mbwa zaidi ya 100 waliripotiwa kufa Marekani kwa chakula cha kwenye mifuko chenye mahindi yaliyochafuka. Tofauti ni kwamba mifuko ilirudishwa na habari ikatangazwa. Gunia la stoo halina wa kulirudisha. Nilipomwambia mama asimpe Popi mahindi mabovu, aliuliza, "Sasa nimpe nani?" Ni swali la haki kwa mtu aliyelima. Kuku akila, sumu inaweza kufika kwenye yai. Jibu ni kuyafukia, na najua linavyouma.

Kuna na ukwaju, nao haumo kwenye karatasi. Miaka mingi haikujulikana kwa nini zabibu zinaharibu figo za mbwa. Mwaka 2021 madaktari wa kituo hichohicho cha Illinois walitaja asidi ya tartariki kuwa ndiyo wanayoishuku, na mwaka uliofuata zikaandikwa taarifa za mbwa walioharibika figo baada ya kula ukwaju, ambao umejaa asidi hiyo. Kwa watu wa Pwani, makapi ya juisi ya futari yasitupwe mahali mbwa anapofikia. Paka wa Pwani ana jambo lake: wali uliochanganywa na mchuzi wa vitunguu. Vitunguu, vibichi au vilivyoiva, vinavunja chembe nyekundu za damu, na kiasi kinachotosha kumdhuru paka ni kidogo kuliko cha mbwa. Mpe samaki kabla hujaunga.

Mnyama akishakula kibaya, kwetu dawa ya kwanza ni maziwa, ya pili maji ya chumvi. Maziwa hayaondoi sumu, na chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa. Usimtapishe kwa kubahatisha pia. Mpigie bwana mifugo mapema, kabla mnyama hajalegea, umwambie vitu vinne: uzito wake kwa kukadiria, alichokula, kiasi gani na saa ngapi. Kama kilikuwa kwenye pakiti, nenda nayo.