Kilimia na Kichujio

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Nimeifundisha methali hiyo miaka mingi, na katika uzee wangu nimeuona mpaka wake. Yako mambo ambayo mwenye macho hayaoni mpaka azibiwe mengine mengi.

Chukua mfano wa Nebula ya Orioni. Hapa Morogoro, katikati ya Januari, hupita karibu na utosi kati ya saa nne na saa tano usiku. Mtu hutafuta nyota tatu zilizojipanga mstari, kisha hutazama kusini yake kidogo. Hapo pana kijiwingu hafifu cha gesi na vumbi, mahali nyota zinapozaliwa, na mwanga wake umesafiri kama miaka 1,300 ndipo ukatufikia. Lakini taa za barabara na maduka zimeing'arisha anga yenyewe. Kamera ikiachwa wazi dakika tano, inachorudisha ni ukungu mweupe wa mji.

Mwanangu aliniletea darubini ndogo, kamera ya rangi na kichujio. Kichujio hicho ni kioo kidogo kinachoenea kiganjani, kilichopakwa tabaka nyembamba zinazozuia karibu mwanga wote na kuruhusu mikanda miwili tu: mwekundu wa haidrojeni, penye nanomita 656.3, na wa kijani-buluu wa oksijeni, penye nanomita 500.7. Jicho la binadamu huona takriban kuanzia nanomita 400 hadi 700. Kila mkanda wa kichujio changu una upana wa nanomita 7, yaani jumla 14 katika 300. Mwanga mwingi wa mji huachwa nje, ilhali nebula hutoa sehemu kubwa ya mwanga wake humo humo.

Ndani ya kamera ya rangi, katika kila vituo vinne vya kupokea mwanga, kimoja ni chekundu, viwili vya kijani na kimoja cha buluu. Haidrojeni huangukia kwenye chekundu. Oksijeni huangukia kwenye vya kijani na cha buluu. Hivyo picha moja hubeba habari za gesi mbili, na kompyuta huweza kuzitenganisha. Mimi hupiga picha 36 za dakika tano tano, saa tatu kamili, kisha huziunganisha ili chengachenga zipungue.

Jirani yangu, mstaafu mwenzangu, alipoiona picha akatikisa kichwa. "Mwalimu, rangi hizi umezipaka."

Nikamweleza kwamba mwaka 1864, huko Uingereza, William Huggins aliuchambua mwanga wa nebula moja akakuta mistari michache ya kijani badala ya upinde kamili wa rangi. Wataalamu wakadhani ni elementi mpya, wakaiita nebuliamu. Mwaka 1927 Mmarekani Ira Bowen akaonyesha kwamba ni oksijeni ile ile tuivutayo, iliyopoteza elektroni mbili katika gesi nyembamba mno. "Sikupaka, ndugu yangu," nikamwambia. "Nimechagua."

"Haya, umechagua," akasema. "Na ulivyoviacha viko wapi?"

Swali hilo lilininyima usingizi. Usiku wa pili nikaielekeza darubini kwenye Kilimia, nyota ambazo wazee wetu walizitumia kujua majira ya kulima. Kilimia kimezungukwa na vumbi linaloakisi mwanga wa buluu wa nyota zake. Vumbi hilo halina mstari wake lenyewe. Mwanga wake umetawanyika. Katika picha yangu nyota zilikuwapo, na vumbi lilikuwa limetoweka karibu lote. Kichujio hakikuharibika. Kilifanya kazi yake barabara.

Ndugu msomaji, mtihani wa darasa la saba ulikuwa kichujio cha namna hiyo. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na kuchuja hakukuepukika. Katika miaka ya 1980 nilikuwa na mvulana aliyeunda magari ya waya yenye usukani unaogeuza magurudumu. Jina lake halikutokea kwenye orodha. Mama yake akaja ofisini, akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo mwanangu si kitu?"

Nilimwambia kwamba mtihani ulipima sehemu tu ya mwanawe, nikamwandikia kijana barua ya kumpeleka kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Leo ni fundi mwenye vijana wake. Nguzo ya chuma inayobeba darubini yangu ni kazi ya mikono yake. Kwa saa tatu haitikisiki hata kidogo, na bila nguzo hiyo nisingekuwa na picha ya kubishania.

Sikichukii kichujio. Bila hicho Orioni ingefichwa na taa za mji. Ninachowaomba wazazi na walimu vijana ni kwamba, wapokeapo matokeo, waulize kwanza yamechujwa kwa kitu gani.

Baadaye nilikwenda kijijini, mbali na taa, nikakipiga Kilimia picha bila kichujio. Vumbi la buluu lilikuwapo pale pale. Picha zote mbili nimezitundika sebuleni, na jirani yangu akija hukaa mkabala nazo.