Takwa kwa Maji ya Bamvua

Siku ya bamvua, ukuta wa pwani ya Lamu huonekana mfupi. Madau yaliyolala kwenye tope asubuhi, alasiri yanaelea karibu na ukingo wa gati, na wachukuzi wanashusha mifuko ya saruji bila taabu ya ngazi.

Hesabu yake haina siri. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja. Maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu. Mwezi mpevu ukifika, Lamu maji hujaa yapata saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa yapata saa nne, asubuhi na usiku. Ndiyo sababu, siku ya safari yangu ya Takwa, nahodha alinitaka gatini mapema, kwani mkondo wa kuingia huko, upande wa pili wa kisiwa cha Manda, hauna maji ya kutosha isipokuwa yakijaa.

Tulipofika kwenye mikoko alizima mashine, akashika upondo. Kila alipouchomoa, tope jeusi lilikuwa limefika kiwiko kimoja, na kaa wekundu walikimbilia mizizini. "Bwana, zunguka, lakini usikawie," aliniambia. "Yakianza kupwa, tutalala hapa hadi alfajiri."

Takwa ni mji uliohamwa karne ya 17. Umebaki msikiti wa Ijumaa, wenye nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, kuta za nyumba za matumbawe, na kaburi la mnara ambalo watu wa Shela hulijia kuomba dua ya mvua. Miti ya mibuyu imekua ndani ya vyumba vya watu. Nilisoma Fatiha, nikarudi chomboni.

Wakati wa kurudi, jua lilikuwa likizama mbele yetu na mwezi ukichomoza mgongoni, juu ya Manda, mwekundu kwanza, kisha mweupe. Nahodha hakugeuka kuutazama. Mimi niligeuka, kwa kuwa mwezi huu nimekuwa nao kwa namna nyingi.

Utotoni, mtaani Langoni, ulikuwa taa yetu. Usiku wa mbalamwezi tulicheza kujificha mchangani hadi mama zetu walipotuita kwa majina kamili, ishara ya kwamba fimbo iko karibu. Ujanani nikauchukia. Nilivua na mjomba kwa karabai, na mwezi ukiwa mpevu samaki hawakusanyiki kwenye taa. Bahari nzima ina mwanga, wafuate karabai kwa nini? Siku hizo tulikaa pwani tukishona nyavu, mifuko mitupu. Hata kupita chini ya dirisha la mchumba ilikuwa shida, maana mtaa mzima ulikuona. Kisha nikaenda Mombasa kutafuta riziki, na miaka ikapita bila mimi kujua mwezi uko wapi, kwa kuwa taa za barabarani ziliwaka usiku kucha.

Sasa nina mvi, na mwezi umerudi na kazi nyingine. Tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi wa Kiislamu ni siku nyeupe, na wanaoweza hufunga sunna. Siku hiyo ya Takwa nilikuwa nimefunga. Adhana ya magharibi ilinikuta majini, nikafuturu kwa tende mbili alizonipa nahodha kutoka mfukoni mwake.

Nawe ukipanga safari ya Takwa, usianze na tarehe za ofisini. Angalia kwanza mwezi. Chagua siku za bamvua, ondoka Lamu alasiri maji yakiwa yanajaa, na nahodha akikuita, panda chombo mara moja. Magofu yanaweza kungoja safari nyingine. Maji ya mkondo hayangoji.