Kinga ya Mkanda

Mama alitamani mashine ya kusaga kabla mimi sijazaliwa. Alipoipata, mwezi wa sita mwaka jana, tuligombana siku tatu mfululizo kwa sababu ya kipande cha wavu.

Nyumbani ni pembezoni mwa Mpemba, kabla hujaingia Tunduma mjini ukitokea Vwawa. Usiku unasikia malori yakijivuta kuelekea mpakani, na asubuhi unakuta foleni ile ile, madereva wanapiga mswaki pembeni ya matairi. Mkoa wetu wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, lakini mahindi hayakuuliza mipaka. Msimu ukiwa mzuri, kila ua una rundo, na kila mama ana debe moja analotafuta pa kulisagia.

Hela ilikuwa nusu yangu, nusu ya kikoba cha Mama. Mimi ni mwandishi wa habari, sina hela nyingi, kwa hiyo nusu ile ilikuwa akiba yangu yote. Niliomba likizo nije kusimamia. Kusimamia, kumbe, ni neno kubwa. Nilikuwa nashika tochi.

Fundi alikuja na kijana wake, wakachimba, wakamwaga zege, wakapanda boliti nne zikiwa zimesimama wima. Akasema tusubiri siku saba, na kila siku tulimwagilie na kulifunika kwa magunia mabichi. Nikamwambia, mbona limeshakauka? Akacheka. “Bosi, zege haliwi gumu kwa kukauka. Linataka maji. Ukilifungia mashine leo, kesho linapasuka, na mashine inaanza kucheza.” Tukasubiri. Nilikuwa nahesabu siku kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Siku ya nane akakiweka kinu juu ya msingi, akakilaza sawa kwa pimamaji. Mota ya hospawa 20 ikakaa upande wake, juu ya reli za kuisogeza. Kisha akatoa uzi wa kawaida kabisa, akauvuta kutoka puli ya mota hadi puli ya kinu. Uzi ukigusa kingo zote kwa pamoja, puli zinatazamana. Usipogusa, mkanda utakwenda upande na kujitafuna. Puli ya mota ni kubwa mara mbili ya puli ya kinu, kwa hiyo mota ikizunguka kama mara 1,450 kwa dakika, kinu kinazunguka karibu mara 2,900. Nyundo zilizo ndani hazijakazwa. Zinaning’inia kwenye pini, na ni mwendo unaozinyoosha. Mahindi hayasagwi kama kwenye jiwe la bibi. Yanapigwa hewani mpaka yawe madogo ya kupita kwenye matundu ya chekecheo.

“Tayari, bosi,” fundi akasema.

Mama akauliza, “Na kinga ya mkanda iko wapi?”

Fundi akamwambia kwa upole kwamba mashine nyingi za huku mikanda yake iko wazi, na mkanda unahitaji hewa usichemke. Mimi nikamuunga mkono fundi. Kutengeneza kinga ni siku tatu na hela ambayo sikuwa nayo. Wateja walikuwa wameshaanza kuja na madebe yao, wakikuta bado, wanaondoka kwenda kwa jirani. Nikasema tutaweka baadaye, tukishapata kidogo.

Mama hakupaza sauti. Akaniuliza tu, “Mama yako mdogo akija kusaga, atasimama wapi?”

Mwaka 1997 nilikuwa naanza darasa la kwanza. Mama mdogo alikuwa na miaka 19, mwenye mbio kuliko wavulana wa mtaa. Alikwenda kusaga kwenye mashine ya dizeli. Chumba kilikuwa chembamba, wanawake wamebanana, na ncha ya khanga yake ikadakwa na mkanda. Mkanda hauna subira. Khanga ilikwenda na mkono ukafuata. Aliponea kwa sababu injini ilizidiwa ikazimika. Kiwiko hakijanyooka tena mpaka leo, na vidole viwili havisikii moto.

Nakumbuka maneno ya watu wazima kuliko ninavyokumbuka damu. Walisema, “Alivaa khanga vibaya.” Walisema, “Wasichana wa siku hizi hawatulii.” Mkanda ulifutwa, na kabla jua halijazama mashine ilikuwa inasaga tena. Sikumsikia mtu hata mmoja akisema kwamba mkanda ulikuwa wazi.

Nami nimo katika hao watu. Miaka kadhaa iliyopita niliandika makala kuhusu wanawake na mashine za kusaga vijijini. Nilimpigia simu mama mdogo, akanieleza vizuri sana: kuamka kabla ya jogoo, kinu na mchi, jiwe la kusagia, magoti yanavyouma. Nikaandika kwamba mashine imemkomboa mwanamke wa kijijini. Haikuwa uongo. Yeyote aliyewahi kutwanga mahindi ya watu tisa anajua. Lakini nilikuwa naongea na mtu aliyeshika simu kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili haufiki sikioni, na sikumuuliza. Mkono ule ungeniharibia mtiririko. Mhariri aliipenda.

Basi nilikwenda Tunduma mjini, kwa wachomeleaji. Nilikopa. Walitengeneza fremu ya vyuma, wakaivika wavu mzito, na kimlango kidogo kinachofungwa kwa boliti. Fundi alipoiona akaizunguka mara mbili, akakubali kwamba hewa inapita. Akaongeza, bila kunitazama, “Wateja wangu wengi wanasema baadaye.”

Tuliwasha siku ya Alhamisi. Kwanza mota peke yake, bila mkanda. Ikazunguka kinyume. Fundi akazima, akabadilishana nyaya mbili kati ya tatu, akawasha tena, ikaenda sawa. Akavisha mkanda, akafunga kinga, akakiacha kinu kizunguke kitupu nusu saa. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi na mpini wake sikioni, akafumba macho. Alipozima akagusa kwa kiganja: vuguvugu, si moto. Kisha tukasaga pumba, debe zima, zikatoka na weusi wa mafuta na vumbi la chuma. Zile tukazitupa shimoni, hata kuku hawakupewa.

Mama mdogo alifika saa kumi, debe kichwani, ameshikilia kwa mkono wa kushoto. Akasimama mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia bila kuniangalia.

“Zimeni,” akasema.

Tukazima. Akangoja mpaka mlio ukaisha wote. Akaingia, akaishika kinga, akaitikisa kwa nguvu. Akapenyeza vidole vyake kwenye wavu kuona vinafika wapi. Havikufika. Akauliza spana ya ile boliti anayo nani. Fundi akaitoa mfukoni, akampa.

“Washeni.”

Mahindi yalishuka, mlio ukabadilika, ukawa mzito. Unga ukapanda bombani hadi kwenye pipa la bati, ukashuka ndani ya mfuko wa kitambaa ukiwa na joto, unanukia. Mama alichota konzi moja, akaishika muda mrefu. Sikumwangalia usoni, nilijua nikimwangalia na mimi nitalia.

Usiku tulikula dona ya unga ule ule, na maharage. Mama mdogo alikuwa anamega kwa kushoto, kama siku zote. Katikati ya kula akasema, “Ile habari yako ya gazetini nilisomewa na mtoto. Ilikuwa nzuri.” Akatafuna kwanza. “Mkono haukuwemo.”

Nikasema, “Haukuwemo, mama mdogo. Nisamehe.”

“Kula, ugali unapoa.”

Sasa yeye ndiye anayefungua mashine asubuhi. Spana ameifunga kwa kamba, anaivaa shingoni. Kwa chaki ameandikisha mlangoni: khanga kiunoni, si begani, watoto nje. Mwezi wa nane nyundo zilikuwa zimelika upande mmoja, fundi akaja kuzigeuza. Akakuta mama mdogo ameshafungua kimlango cha kinga na kuweka mkanda pembeni, umeme umezimwa kwenye swichi kubwa, anamsubiri.

Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya. Alisema niandike, ila niseme pia kwamba khanga ile ilikuwa mpya, na alikuwa ameifunga vizuri.