Kalamu Imekauka

Jumatatu, 9 Machi

Kilosa. Mvua tangu alfajiri. Boda imelala na mimi topeni mara mbili, bango kitita limelowa pembe zote. Wamekuja mafunzoni 23. Nilitegemea 30, ila msimu huu wa palizi nani aache shamba?

Nimewauliza mapato na matumizi ya kijiji wameyasikia lini. Kimya. Mkutano mkuu je? Wakacheka. Nikasema sheria ya 1982 inataka uitishwe kila miezi mitatu, na kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ana nafasi yake. Bibi wa kanga ya kijani akanitazama kwa huruma: "Mwanangu, hiyo sheria inakaa kijiji gani?"

Ubao wa matangazo: mbuzi kapotea, ratiba ya chanjo, karatasi moja iliyokwisha kufutwa na jua. Basi.

Jumanne, 10 Machi

Leo hesabu. Afadhali. Jana maneno mengi, nilijichosha hata mwenyewe.

Ruzuku ya shule ya msingi: 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, 4,000 za vitabu zinabaki juu, 6,000 ndizo zinazoshuka shuleni. Watoto 100, laki sita. Gawa kwa 12: elfu 50 kwa mwezi. Fundi mwashi akauliza: chaki, mitihani, ukarabati, vyote humohumo? Humohumo. "Sasa hapo mwizi ataiba nini?" Darasa zima likaangua kicheko.

Nikawapa ya Uganda. 1991 hadi 1995, watafiti walifuata fedha za namna hiyo kutoka hazina hadi mlango wa shule. Katika kila shilingi 100, zilizofika ni 13. Baadaye serikali ikaanza kuzitangaza magazetini na kuzibandika shuleni, na zilizofika zikaongezeka. Fundi hakucheka tena. Mtendaji wa kijiji alitoka saa nne kupokea simu. Chai yake imepoa mezani, hakurudi.

Nimefurahi leo. Kweli nimefurahi.

Usiku. Mhasibu wetu kapiga. Mafunzo ni siku tatu, anataka mahudhurio ya siku tano. "Wasainishe kabisa mpaka Ijumaa, wenyewe hawatajua. Hela ikibaki inarudi kwa mfadhili." Na posho yangu ya siku mbili imo humo. Kodi ya nyumba mwisho wa mwezi. Nikasema mtandao unasumbua. Haukusumbua.

Jumatano, 11 Machi

Sikulala vizuri. Mbu, halafu na hilo.

Asubuhi wanne wamekwenda kwa mtendaji kuomba kitabu cha mapato. Njooni Jumatatu. Wameandika tarehe na saa aliyojibu. Sikuwafundisha hilo! Wamelitoa wapi?

Mchana, wali umekwisha kuliwa, bibi akanyoosha mkono. "Na nyie mnaotufundisha, hesabu zenu tunazisoma ubao upi?"

Nilicheka. Nikajikuta nacheka peke yangu.

Nikachukua kalamu rashasha, nikaandika: mchele, nyama, chai, nauli zao, kodi ya ukumbi. Wakajumlisha kwa sauti. Fundi akabishia bei ya nyama, na alikuwa na haki. Kilichobaki ni posho ya mwezeshaji. Nikaandika "Posho", nikasimama. Nikasema kalamu imekauka.

Bibi akafungua mkoba, akanipa biki yake.

Nikaandika. Kiasi chote, kwa siku, mara tatu. Hakuna aliyesema neno. Mmoja alipiga mluzi.

Karatasi za mahudhurio nimezigawa jioni. Nilizipanga mezani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi, 12 Machi

Basi. Tumepita Dumila, Magole. Mvua imekatika. Biki ya bibi nimeondoka nayo, nimeikuta mfukoni sasa hivi.

Mhasibu kapiga mara nne. Karatasi zimo begini: saini 23, siku tatu. Safu za Alhamisi na Ijumaa nimezikata mstari kwa biki hiyohiyo.